"Ni Mimba Tu" Si Jibu

Maneno haya matatu nimeyasikia maisha yangu yote: ni mimba tu. Mwanamke akilalamika kuwa amechoka, ni mimba tu. Akivimba uso, ni mimba tu. Akisahau chungu motoni hadi maharage yakaungua, akasinzia mchana kutwa, akajifunika shuka wakati wenzake wanajipepea, jibu ni lile lile. Na baada ya jibu hilo hufuata hukumu, mara nyingi ya chinichini, kwamba fulani ni mvivu, amedekezwa na mumewe, mbona sisi tulizaa saba huku tukilima.

Katika kurasa hizi nakusudia kuyapinga maneno hayo, nami nitaanza kwa kukiri kwamba yalisemwa nyumbani kwangu, na hukumu iliyoyafuata niliitoa mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa chuo cha ualimu, tulifundishwa kwamba mwanafunzi asiyeelewa kwanza aulizwe, kisha apimwe, na mwisho kabisa ndipo atolewe uamuzi. Wengi wetu tuliufaulu mtihani wa somo hilo, tukaenda kazini na kuugeuza utaratibu wote kichwa chini miguu juu. Tulianza na uamuzi.

Miaka michache iliyopita mke wa mwanangu wa pili, ambaye naye ni mwalimu, alikuja kukaa nasi hapa Morogoro akiwa na mimba changa. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika katika mwezi wa tatu, na mwanangu akaona heri apumzike mahali penye wazee. Binti huyo niliyemfahamu kuwa mchangamfu alikuja kwetu kama mtu aliyetolewa betri. Alilala, akaamka, akalala tena. Katika joto la Morogoro alivaa sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ukimwuliza jambo, alifikiri kitambo kirefu kabla ya kujibu.

Asubuhi moja alishindwa kuamka kunywa chai nasi. Nikampigia mwanangu simu, nikamwambia kwa sauti ambayo bila shaka ilivuka ukuta: "Mkeo analala kama mgonjwa, lakini ugonjwa siuoni. Mfundishe kazi." Mke wangu akanikemea: "Mwache mtoto wa watu, Mwalimu. Ni mimba tu." Yeye alidhani anamtetea. Sasa naona kwamba sote wawili tulimfungia mlango ule ule, mmoja kwa ukali na mwingine kwa huruma.

Alipokwenda kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa na wiki 8, alipimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Yote yalikuwa mazuri. Alipoeleza habari za uchovu na baridi, akaambiwa yale maneno matatu, akapewa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi. Kituo hicho sikitaji, maana foleni ilikuwa ndefu na wahudumu wachache, na sikuja hapa kumtafuta muuguzi wa kumtundika msalabani. Aliyosema yeye ndiyo tuliyokuwa tukiyasema sisi nyumbani.

Aliporudi mimba ilikuwa na wiki 14. Safari hii alimkuta muuguzi mtu mzima, naye hakuanza na mkono wala tumbo, alianza na shingo. Akamwambia ameze mate huku akimtazama. Kisha akamwuliza: "Kwenu ni wapi, mwanangu? Mama yako mzazi ana uvimbe hapa? Ile mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mingapi?" Kwao ni nyanda za juu kusini. Mama yake hufunga kitambaa shingoni hata wakati wa jua kali, na sote tulidhani ni mtindo wake wa kujifunga. Chini ya kitambaa kile mna rovu.

Damu ikapelekwa maabara. Kipimo kiitwacho TSH kilisoma 7.2, ambapo kwa mjamzito kiwango cha juu kinachokubalika huwa karibu na 4. Homoni yenyewe ya tezi ilikuwa bado ndani ya kiwango cha kawaida. Hali hiyo waganga huiita upungufu mdogo wa tezi ya thairoidi.

Msomaji aniruhusu nichukue chaki kidogo. Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya koo, umbo lake mfano wa kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili mzima: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi, ubongo uwe mwepesi kiasi gani. Malighafi yake kuu ni madini joto tunayoyapata katika chakula. Chini ya ubongo mna tezi nyingine ndogo iliyo kama mnyapara. Ikiona thairoidi inalegea, huipelekea amri zaidi, na amri hizo ndizo zinazopimwa kwa jina la TSH. Basi katika upungufu mdogo kazi bado inafanyika, ila mnyapara ameanza kupaza sauti.

Mimba inapoingia, tezi ya mama hutakiwa kuzalisha karibu nusu zaidi ya ilivyozoea, na mahitaji yake ya madini joto hupanda kutoka mikrogramu 150 kwa siku hadi 250. Sababu ni kwamba mtoto tumboni hana tezi inayofanya kazi mpaka karibu wiki ya 12, na hata baada ya hapo huendelea kumtegemea mama kwa majuma mengi. Katika wiki hizo za mwanzo, ubongo unapoanza kujengwa, homoni anayoitumia ni ya mama yake tu.

Nilipoelezwa hayo nilihesabu kwa vidole. Toka wiki ya 8 hadi ya 14 ni wiki 6. Wiki 6, ambazo katika nyingi kati yake mtoto hakuwa na mfuko wake mwenyewe, tulizitumia kumwita mama yake mvivu.

Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo jingine, ambalo kwa miaka karibu 50 sikulipa jina lake.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa huko huko nyanda za juu kusini, mahali penye ukungu, viazi na mvua nyingi. Mvua za miaka maelfu huyaosha madini joto katika udongo wa milimani, hivyo kilichoota hapo hakikuwa nayo ya kutosha. Wanawake wengi wa kijiji walikuwa na rovu, na kwa kuwa lilikuwa la wengi, hakuna aliyeliona kuwa ugonjwa. Katika darasa langu la pili alikuwapo mvulana mfupi kuliko umri wake, mwenye uso mzito, aliyekaa nyuma. Nikimwita haitiki. Nikimwuliza ananitazama mdomo. Nilimchapa kwa kutoitika. Nilimchapa zaidi ya mara moja, mbele ya wenzake, na wenzake walicheka, nami niliwaachia wacheke.

Mtoto yule alikuwa hasikii vizuri. Upungufu mkubwa wa madini joto kwa mama mjamzito unaweza kuzaa mtoto kiziwi, mfupi, mwenye akili iliyodumaa. Hayo yameandikwa katika vitabu vya tiba tangu zamani. Mimi nilikuwa na fimbo, sikuwa na kitabu. Lakini macho nilikuwa nayo, na shingo ya mama yake niliiona kila alipokuja shuleni kunisihi.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipeleka vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, kanuni zikataka chumvi yote ya kula itiwe madini hayo. Matunda yalionekana. Katika miaka ya 1980 watoto wa shule wapatao 25 katika kila 100 nchini walikuwa na rovu. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliwakuta wasiozidi 7, na kaya zaidi ya 80 katika kila 100 zikitumia chumvi yenye madini joto. Mambo machache katika nchi hii yamefanyika kwa gharama ndogo na faida kubwa kama hilo.

Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha hesabu zao kuhusu watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na vidonge vile wakati wa mimba. Waliona kwamba watoto hao walisonga mbele shuleni kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka kuliko wenzao, na wasichana zaidi ya wavulana. Wataalamu wengine wamezirudia hesabu hizo na kusema ushahidi wake si imara kama ulivyoonekana. Nami nakubali, maana mwalimu haruhusiwi kuongeza maksi kwa sababu anampenda mwanafunzi. Lakini mtoto aliyenitazama mdomo hahitaji hesabu ya mchumi ili mimi nijue nilimkosea.

Sasa niwageukie wanaonipinga, maana wapo, na baadhi yao ni rafiki zangu wa barazani.

Wa kwanza husema: hayo ni maradhi ya Wazungu na matajiri, mama zetu hawakupimwa na sisi tumezaliwa. Naam, tumezaliwa sisi tunaozungumza. Waliozaliwa viziwi hawamo barazani. Na mimba zilizotoka katika mwezi wa tatu tulizika nyuma ya nyumba, tukasema ni mkono wa mtu. Rovu halikuletwa na meli; lilikuwa shingoni mwa bibi zetu. Wala wa pwani wasijione wako salama kwa sababu ya samaki: mwaka 2006 watafiti walichapisha kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa bado upo Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na bahari pande zote.

Wa pili husema kinyume chake: basi kila mjamzito apimwe TSH, na kila atakayezidi kidogo apewe kidonge. Wenye maabara za kulipia hupenda sana hoja hii. Nami naikataa kwa nguvu ile ile. Ni kweli kwamba mwaka 1999 James Haddow na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa watoto wa mama wenye upungufu wa thairoidi usiotibiwa walipata, katika vipimo vya akili, wastani wa alama 7 chini ya wenzao. Dunia ikashtuka. Lakini mwaka 2012 yakatoka matokeo ya jaribio la Uingereza na Italia lililowahusu wanawake karibu 22,000: waliopimwa na kutibiwa mapema walizaa watoto ambao wakiwa na miaka 3 hawakutofautiana kiakili na wale ambao mama zao hawakutibiwa. Mwaka 2017 jaribio la Marekani, lililowafuata watoto hadi miaka 5, likasema vivyo hivyo.

Je, hiyo ina maana kwamba maneno yale matatu yalikuwa sawa? La, hasha. Katika majaribio hayo tiba ilianza karibu wiki ya 13 katika lile la kwanza, na baadaye zaidi katika lile la pili, yaani baada ya zile wiki za mwanzo kupita. Mwanafunzi akiingia darasani kengele ya mwisho ikilia, akashindwa mtihani, huwezi kusema somo halikuwa na faida. Wala huwezi kusema kwamba angefaulu. Unachoweza kusema ni kwamba kidonge cha kuchelewa kwa kila mtu si jibu, na kutomtazama mtu yeyote si jibu vilevile. Njia ya kati ipo, nayo waganga wanaifahamu: apimwe mapema yule mwenye sababu. Sababu zenyewe si siri. Ni rovu au ugonjwa wa tezi wa zamani, ndugu wa damu mwenye tatizo hilo, mimba zilizoharibika, kisukari cha tangu utotoni, au kutoka mahali penye uhaba wa madini joto. Mke wa mwanangu alikuwa na tatu kati ya hizo, na zote zingejulikana kwa maswali ya dakika mbili.

Hata matibabu yenyewe yanataka maswali. Alikutwa pia na kingamwili zinazoishambulia tezi, hali ambayo Mjapani Hakaru Hashimoto aliieleza mwaka 1912. Kwa mtu wa namna hiyo kuongeza chumvi hakuponyi, na madini joto yakizidi sana yanaweza kumdhuru. Daktari akamwandikia levothairoksini. Baada ya mwezi kipimo hakikushuka hata kidogo. Nusura tuseme dawa ni bandia. Yule muuguzi akamwuliza: "Unameza saa ngapi, na kitu gani?" Kumbe alikuwa akiimeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na madini ya chuma huizuia dawa hiyo isiingie mwilini. Akaambiwa aimeze alfajiri tumbo likiwa tupu, na vile vya damu avisogeze mbele saa nne au zaidi. Kipimo kikashuka.

Kisha muuguzi akanigeukia mimi, aliyekuwa nimemsindikiza. "Shikamoo, Mwalimu. Nyumbani mnakula chumvi gani?" Niliitikia marahaba, na swali likanishinda. Mimi niliyewahi kusimamia shule, mwenye kujua bei ya saruji na ya mbolea, sikujua chumvi ya nyumba yangu. Niliporudi nilikuta ni ya mawe, ya kupimiwa kwa kopo gulioni kwa sababu ni rahisi, imewekwa wazi karibu na jiko. Bwana afya alipoidondoshea dawa ya kupimia haikugeuka zambarau. Ilibaki nyeupe kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo ninapopata hasira, na msomaji anisamehe. Kanuni tunayo tangu miaka ya 1990. Elimu tunayo. Lakini chumvi isiyo na kitu inapita gulioni mchana kweupe mbele ya viongozi wanaonunua nyanya fungu la jirani. Wachimbaji na wavunaji wadogo wa chumvi huachwa bila madini ya kutia wala mashine ya kuchanganyia, kisha wanalaumiwa. Baba wa nyumba humpa mkewe hela ya chumvi ya bei ya chini kabisa, na jioni hupita dukani kununua soda. Mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tumedharau punje ya chumvi, na gharama yake wanailipa watoto ambao hata hawajazaliwa.

Ninachodai si hospitali mpya. Nadai kwamba katika hudhurio la kwanza la kliniki muuguzi atazame shingo na aulize maswali yale, na jibu liandikwe kwenye kadi. Nadai kwamba mwanamke aende kliniki mara anapojihisi mjamzito, asingoje tumbo lionekane, na mume ambaye huona haya kumsindikiza mapema aone haya kwa kuchelewa. Aliyekwisha kugundulika kuwa na tatizo la tezi amwone daktari hata kabla ya kubeba mimba. Nadai chumvi ya pakiti yenye maandishi ya madini joto, ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, katika kila nyumba yenye msichana. Msichana huyo ndiye mama wa kesho, na akiba ya mimba huwekwa kabla ya mimba.

Na kwetu sisi wazee, wakwe na walimu, nadai jambo gumu zaidi. Tuliweke chini neno mvivu. Mara nyingi tunalitumia pale tulipochoka kuuliza.

Mjukuu wangu alizaliwa salama na sasa yuko shule ya awali. Sitadai kwamba kidonge ndicho kilichomfanya awe mwepesi wa maswali, maana nimekwisha kueleza ushahidi ulivyo. Lakini mama yake alirudi kuwa mtu. Siku ya arobaini ya mtoto nilimwita mbele ya mwanangu na mke wangu, nikamwomba radhi kwa maneno niliyosema kwenye simu. Akatazama chini, akasema: "Yamepita, baba. Nilisikia, lakini nami nilidhani ni kweli."

Jibu hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mgonjwa alikuwa ameamini hukumu yetu. Yule mvulana wa darasa la pili naye, nadhani, aliamini hukumu yangu, na kwake sikuwahi kurudi kuomba radhi.

Basi ewe msomaji, mjamzito wa nyumbani kwako atakapokuambia amechoka, usimjibu kwa maneno matatu. Mwulize ni tangu lini. Mtazame shingo. Mwulize habari za mama yake. Kisha ingia jikoni ukaangalie chumvi.